Nataka kusomea dawa za usingizi, lakini naogopa: je, nafaa?

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, nina miaka 34, nimefanya kazi wodi ya upasuaji kwa miaka sita. Natamani kusomea utaalamu wa dawa za usingizi na ganzi. Wenzangu wananicheka. Wanasema kazi yenyewe ni kumchoma mgonjwa sindano, analala, halafu unakaa kwenye kiti kusubiri daktari amalize. Wengine wanasema muuguzi wa usingizi atabaki msaidizi maisha yake yote, na kwamba mashine zitamwondoa. Hofu yangu mimi ni nyingine. Mwaka jana mgonjwa wangu aliyetoka kufanyiwa upasuaji alibadilika hali usiku, tukahangaika naye, akafariki. Hadi leo naiota zamu ile. Najiuliza, mtu kama mimi anaweza kweli kukabidhiwa pumzi ya mtu? Halafu shuleni fizikia na kemia zilinishinda. Niombe chuo moja kwa moja au nianzie wodi ya wagonjwa mahututi? Au umri umeshanipita?"

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mengi, lakini nikiyapanga naona yote yananing'inia kwenye moja: unaogopa, na unaichukua hofu hiyo kama ushahidi kwamba hufai. Hilo nitalijibu kwa kirefu, na njiani nitagusa wenzako, mashine, fizikia na umri. La mgonjwa aliyefariki nitalitenga, kwa sababu lina uzito wake na halifai kuchanganywa na fomu za chuo.

Nianze na wanaosema kazi ni kuchoma sindano na kukaa. Sishangai wakisema hivyo, maana kazi hii ikifanywa vizuri haionekani. Anayechungulia mlangoni anamwona mtu amekaa upande wa kichwa cha mgonjwa, anatazama skrini, anaandika. Asichokiona ni kwamba yule mgonjwa hajalala. Aliyelala usingizi wa kawaida anapumua mwenyewe, anakohoa mate yakimpalia, anajigeuza mkono ukifa ganzi, na ukimwita anaamka. Nusukaputi huondoa yote hayo. Dawa hukata fahamu, hufuta kumbukumbu, huzima maumivu, na mara nyingi tunaongeza nyingine ya kulegeza misuli, ikiwemo ile inayoinua kifua. Ulimi huanguka nyuma na kuziba koo. Mishipa ya damu hutanuka, presha hushuka. Koo halijilindi tena, kwa hiyo kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Kuanzia hapo, kila kitu ambacho mwili wake ulikuwa ukijifanyia lazima kuna mtu wa kuufanyia, mpaka uweze tena. Huyo ndiye unayetaka kuwa.

Nikupe mfano mmoja kwa hesabu, kwa sababu utakuonyesha pia ile fizikia unayoiogopa inakaa wapi. Mtu mzima mwenye afya, akishatoa pumzi ya kawaida, mapafuni mwake hubaki hewa ya lita mbili hadi mbili na nusu hivi. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21, na ikifika ndani kabisa ya mapafu sehemu hiyo hupungua zaidi, kwa hiyo akiba yake halisi ya oksijeni mapafuni haifiki nusu lita. Mwili uliotulia hutumia kama mililita 250 kila dakika. Gawanya mwenyewe. Ukimzuia mtu huyo kupumua, ana dakika moja au mbili tu kabla oksijeni ya damu haijaanza kuporomoka. Ndiyo maana kabla ya sindano yoyote tunamshikia barakoa usoni kwa dakika tatu, anavuta oksijeni tupu. Naitrojeni iliyokuwa mapafuni inatoka, oksijeni inashika nafasi yake, na akiba inakaribia lita mbili. Sasa una dakika kama nane za kuweka mpira wa kupitishia hewa kwenye koromeo. Kwa nje ilikuwa ni kushika barakoa. Kwa ndani umemnunulia mgonjwa muda, na siku koo litakapokuwa gumu kuona, dakika hizo ndizo zitakazoamua.

Sasa badilisha mgonjwa. Mama mjamzito aliyekaribia kujifungua ana akiba iliyopungua karibu asilimia 20, kwa sababu mfuko wa uzazi umesukuma kiwambo juu, na matumizi yake ya oksijeni yameongezeka. Mtoto mchanga, kwa kila kilo ya uzito wake, hutumia oksijeni karibu mara mbili ya mtu mzima. Mtu mnene sana akilazwa chali, tumbo humbana mapafu. Kwa hao dakika nane hazipo, na pengine hata tatu hazipo. Muuguzi wa usingizi anaposimama kando ya kitanda kabla ya upasuaji, akamwomba mgonjwa afungue mdomo, akunje shingo, ataje alikula saa ngapi, anafanya hesabu hii kichwani. Mgonjwa anaona ameulizwa maswali machache ya kawaida.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulijua nusu. Kile kidude cha kidoleni kinachosoma oksijeni unakitumia wodini kila siku. Kikisoma 99, kisha 97, kisha 94, mtu huona bado kuna nafasi. Lakini himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, haiachii oksijeni kwa mwendo mmoja. Juu kule kiwango cha oksijeni kwenye damu kinaweza kushuka sana na namba isitikisike. Ikifika 90 hivi umeshafika kwenye ukingo, na kuanzia hapo kila kushuka kidogo kwa oksijeni huiporomosha namba kwa kasi. Tena kidude kinachelewa: kinakuonyesha damu iliyofika kidoleni, siyo iliyomo mapafuni sasa hivi. Kwa hiyo anayengoja namba iwe mbaya ndipo achukue hatua, amechelewa mara mbili. Hii ndiyo sababu baada ya kuweka mpira hatutegemei kidole kutuambia kama umekaa sawa. Tunatazama kabonidayoksaidi inayotoka na kila pumzi. Mpira ukiwa kwenye njia ya hewa, wimbi lake kwenye skrini hupanda na kushuka pumzi baada ya pumzi. Ukiwa umeingia kwenye umio, yaani njia ya chakula, wimbi halidumu, hata kama umesikia sauti kifuani na hata kama kidole bado kinasema 98.

Nimekaa hapo kwa makusudi. Umeniandikia kwamba fizikia na kemia zilikushinda shuleni. Nataka ujue kwamba fizikia tunayoitumia ni ya aina hiyo niliyokueleza sasa hivi, na kama umeifuata hadi hapa, uwezo unao. Utajifunza kwa nini mtungi wa oksijeni ukionyesha nusu ya presha umebaki na nusu ya gesi, lakini wa naitrasi oksaidi, gesi tunayoitumia kwenye usingizi, hauaminiki hivyo: ndani yake kuna kimiminika, na geji inabaki palepale mpaka kimiminika kiishe, kisha inaanguka ghafla. Utajifunza kwa nini mgonjwa anayevuja damu nyingi tunamwekea kanula (mrija wa kuingiza maji au damu mshipani) fupi na pana: upana ukiongezeka mara mbili, mtiririko kwa kanuni unaweza kuongezeka hadi mara 16, wakati urefu unaupunguza. Hesabu za dawa ni za kuzidisha na kugawanya. Myeyusho wa asilimia 2 una miligramu 20 kwa kila mililita, basi. Ila lazima uziweze ukiwa umechoka, saa tisa usiku, bila kikokotoo. Anza leo: kila dawa unayompa mgonjwa wodini, ikokotoe kwa miligramu kwa kilo kabla hujasoma karatasi. Baada ya miezi michache utajikuta unafanya bila kufikiri.

Wanaosema unakaa tu ungewaonyesha pia upasuaji wa kujifungua kwa ganzi ya mgongoni. Hapo mama yu macho, anaongea. Mililita mbili hivi za dawa zinaingia kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo, chini ya pale uti wenyewe unapoishia. Ndani ya dakika chache miguu inakuwa mizito. Lakini dawa haichagui neva za maumivu peke yake. Inazima pia zile zinazoiambia mishipa ya damu ijibane. Mishipa inalegea, damu inabaki miguuni, na mfuko wa uzazi unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Presha inaanguka, na mtoto aliyemo tumboni anategemea presha hiyohiyo. Kwa hiyo tunamlaza mama akiinamia kidogo upande wa kushoto, maji ya dripu yanaingia, dawa ya kupandisha presha iko kwenye bomba la sindano tayari. Na tunamsikiliza. Mama akisema "nasikia kichefuchefu", mzoefu anashika ile sindano huku jicho likienda kwenye presha, kwa sababu mara nyingi kichefuchefu hutangulia namba. Ganzi ikipanda juu sana kifuani moyo nao unapunguza mwendo, na mama anaweza kusema mikono inaishiwa nguvu au anashindwa kuvuta pumzi vizuri. Yote haya yanatokea huku unamshika mkono na kumwambia mtoto anakaribia kutoka. Kama kuna kazi ya kiuguzi kuliko hiyo, siijui.

Sasa hofu yako. Wanafunzi wanaonitia wasiwasi ni wale wasioogopa chochote. Anayeogopa hukagua mashine asubuhi kila siku, hata jana ilipokuwa nzima. Huvuta dawa, huandika jina juu ya bomba la sindano, kisha husoma tena chupa. Huuliza "nani atanisaidia nikishindwa kuweka mpira?" kabla mgonjwa hajaingia. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama katika upasuaji, na ukiisoma sehemu ya kabla ya kumpa mgonjwa dawa, utaona imejengwa juu ya hofu hizohizo: kipimo cha oksijeni kimewekwa na kinafanya kazi? Mgonjwa ana mzio? Njia ya hewa ina dalili za ugumu? Kuna hatari ya kupoteza damu zaidi ya mililita 500, na kama ipo, mishipa na maji vimeandaliwa? Hofu iliyogeuzwa kuwa maandalizi ni mali katika kazi hii.

Ila sitakudanganya kwamba kila hofu ni ya aina hiyo. Kuna inayomsukuma mtu afanye, na kuna inayomgandisha. Wewe peke yako ndiye unayejua usiku ule mwili wako ulifanya nini. Ulipoona hali inabadilika, uliita msaada? Uliwasha oksijeni, ukapima, ukaendelea kufanya la mbele yako hata mikono ikitetemeka? Basi wewe ni wa aina ya kwanza, na mafunzo yatatuliza mikono. Kama uliganda, hilo pia halikufungii mlango, kwa sababu kuganda mara nyingi ni dalili ya mtu asiyejua hatua inayofuata, na hatua hufundishika. Tunafundisha kwa mazoezi ya kuigiza dharura, tena na tena, mpaka mkono unajua pa kwenda wakati kichwa bado kinashangaa. Kama baada ya mafunzo na mazoezi mengi mtu bado anaganda, tunamwambia ukweli kwa upole, na yeye mwenyewe mara nyingi anakuwa ameshajua.

Kuhusu kubaki msaidizi, historia haikubaliani na wenzako. Eta, dawa ya usingizi ya kuvuta, ilionyeshwa hadharani kwa upasuaji mjini Boston mwaka 1846, na kwa miongo kadhaa iliyofuata kazi ya kumpa mgonjwa dawa ilitupiwa yeyote aliyekuwa karibu, mara nyingi mwanafunzi ambaye macho yake yalikuwa kwenye kisu cha daktari. Wagonjwa walikufa. Madaktari wa upasuaji wakaanza kuwatafuta wauguzi, watu ambao wangemtazama mgonjwa na si upasuaji. Kule Rochester, Minnesota, Marekani, muuguzi Alice Magaw alifanya kazi na ndugu wa Mayo, madaktari wa upasuaji, na mwaka 1906 alichapisha taarifa ya wagonjwa zaidi ya 14,000 aliohusika nao bila kifo hata kimoja kilichosababishwa na dawa ya usingizi. Hakuwa na kipimo cha oksijeni wala mashine ya presha. Alikuwa na matone ya eta, kitambaa, macho yake na sauti yake. Alisisitiza sana kuzungumza na mgonjwa wakati anapoteza fahamu, ili asihitaji dawa nyingi. Wauguzi wa Marekani walianzisha chama chao mwaka 1931 chini ya Agatha Hodgins, na shirikisho la kimataifa la wauguzi wa fani hii likaundwa mwaka 1989.

Hata hivyo, mamlaka utakayokuwa nayo yanategemea sheria za nchi utakayofanyia kazi, na hapa tofauti ni kubwa kweli. Kuna mahali muuguzi huyu anafanya kazi peke yake hospitali nzima. Kuna mahali lazima daktari bingwa wa usingizi awe jengoni, au chumba kilekile. Marekani tangu mwaka 2022 kila anayeanza masomo haya anasomea shahada ya udaktari wa taaluma, si chini ya miaka mitatu, na anatakiwa kuwa na uzoefu wa angalau mwaka mmoja na wagonjwa mahututi. Ufaransa ni miaka miwili juu ya uuguzi. Uingereza haina kada ya muuguzi wa usingizi kama hii. Kwa hiyo usimuulize mtu wa nchi nyingine "nitaruhusiwa kufanya nini", na usikubali jibu la mtandaoni, hata langu. Nenda baraza la wauguzi linalotoa leseni yako, uombe kuona maandishi. Uliza mambo mawili ambayo watu husahau: chuo unachokitaka kimetambuliwa na baraza hilo? Na cheti chake kinakupa usajili wa fani mpya, au kinakuachia leseni ileile ya uuguzi na karatasi ya ziada ukutani? Nimeona watu wakimaliza masomo magumu ndipo wakagundua jibu la swali la pili.

Nami nakwambia wazi: kufanya kazi chini ya daktari bingwa si kudhalilika. Kwa mgonjwa mgumu, vichwa viwili pale kichwani ni bora kuliko kimoja, na muuguzi anayejua kusema "huyu namhitaji mwenzangu" ana thamani kuliko anayeng'ang'ania kuwa peke yake. Kama unachotaka hasa ni cheo cha kuamua kila kitu, basi fikiria kwa dhati kusomea udaktari. Ni njia ndefu, lakini ni halali, na ni afadhali kuianza ukiwa na miaka 34 kuliko kuingia fani hii ukiwa na kinyongo.

Mashine hazinitishi sana. Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha kifaa kiitwacho Sedasys, kilichotengenezwa ili kitoe chenyewe propofoli, dawa ya usingizi, kwa watu wazima wenye afya wanaofanyiwa vipimo vya tumbo na utumbo. Mwaka 2016 kampuni iliacha kukiuza, mauzo yakiwa hafifu. Hiyo haimaanishi hakitakuja kingine bora. Vitakuja, na vitatusaidia kupima dozi na kutuonya mapema. Lakini kumbuka upande wa pili: tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilikadiria mwaka 2015 kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji na huduma ya usingizi iliyo salama na wanayoweza kuimudu pale wanapoihitaji. Pengo la namna hiyo halizibwi na kifaa kinachochagua wagonjwa wenye afya.

Sasa, wodi ya mahututi kwanza au chuo moja kwa moja? Kwanza kabisa tazama masharti, maana huenda huna hiari. Lakini hata pale ambapo chuo kinakuruhusu kuingia moja kwa moja, ushauri wangu ni uende wodi ya mahututi, kwa mwaka mmoja hadi miwili. Wodi ya upasuaji imekufundisha mgonjwa kabla na baada. Imekufundisha maumivu, kutapika, vidonda, familia. Haijakufundisha kutazama dakika. Kule mahututi utaona dawa ya kupandisha presha ikiongezwa kidogo na moyo ukijibu mbele ya macho yako. Utaishi na mashine ya kupumulia mpaka milio yake ikuambie tatizo kabla hujageuka: presha ya njia ya hewa imepanda, je, mpira umejikunja, kuna makohozi, au pafu limepasuka? Chuo kinakuja kasi. Mwanafunzi anayeyajua hayo tayari hutumia nguvu zake kujifunza usingizi. Asiyeyajua anajifunza vyote kwa pamoja, na wengi wa wanaokata tamaa katika miezi ya kwanza huwa ni hao. Kama hospitali yako haina wodi hiyo, chumba cha kuamkia wagonjwa baada ya upasuaji ni cha pili kwa ubora. Pale utakutana na koo linaloziba, pumzi iliyopungua kwa dawa za maumivu, presha inayoyumba, na utakuwa karibu na wataalamu wenyewe kila siku.

Umri haujakupita. Sitakaa sana hapo kwa sababu hilo ndilo dogo kuliko yote uliyoandika. Wanafunzi wa fani hii karibu wote huja wakiwa wameshafanya kazi miaka kadhaa, na ukomavu wa kuzungumza na mtu anayeogopa haufundishwi darasani. Kinachostahili kuulizwa ni nguvu na muda. Wakati wa masomo utakuwa chumba cha upasuaji tangu alfajiri kuandaa, kisha usiku unasoma, na vyuo vingi haviruhusu au havikupi nafasi ya kufanya kazi nyingine pembeni. Ukiwa na watoto au wazee wanaokutegemea, mpango wa nani atawaangalia na mapato yatatoka wapi uandikwe kabla ya fomu. Kaeni mzungumze nyumbani, tena kwa uwazi. Nimeona ndoa zilizoyumba si kwa sababu ya masomo, bali kwa sababu mmoja hakuambiwa yangekuwa makali kiasi gani.

Yako mengine yasiyosemwa sana. Zamu za dharura huingia usiku na haziishi ukizeeka. Mgongo na magoti huumia kwa kusimama na kuinua. Vyumba visivyo na mfumo mzuri wa kuondoa gesi hukufanya uzivute wewe pia; uliza hilo, hasa ukiwa mjamzito. Na kuna hatari ambayo lazima nikuambie kwa sauti ya juu: tunashika fentanili, ketamini na propofoli, dawa kali za maumivu na usingizi, kila siku, na miongoni mwa watu wa fani yetu wako walioanza kujichoma kwa sababu ya uchovu, maumivu au huzuni isiyopata pa kutokea. Baadhi yao hawapo tena. Kama wewe au ndugu wa karibu mmewahi kuwa na historia ya ulevi au dawa, haimaanishi usije. Inamaanisha uje ukiwa umeshazungumza na mtaalamu, una mtu wa kumpigia simu, na unajua kwamba kuomba msaada mapema ni sehemu ya kazi.

Hapo ndipo nafika kwenye ile zamu. Mgonjwa kufariki mikononi mwako ni msiba, na ndoto baada yake si udhaifu. Lakini umesema ni tangu mwaka jana na bado unaota. Hilo siwezi kulipima kwa maandishi, na sitaki ulipeleke chuoni likiwa bichi, kwa sababu chumba cha upasuaji kitakukutanisha nalo tena, na litakuja na sauti zilezile za mashine. Kabla ya kuomba chochote, mwone mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili, ana kwa ana. Usisubiri ikiwa unakosa usingizi usiku mwingi, unakwepa wagonjwa wanaofanana na yule, mapigo yanakwenda mbio ukisikia mlio fulani, umeanza kutumia kileo au vidonge ili ulale, au umewahi kuwaza kwamba afadhali usingekuwepo. Likiwa ni hilo la mwisho, usingoje hata miadi: nenda leo, na mwambie mtu wa karibu aende nawe. Jambo jingine ni kuomba kikao na daktari na muuguzi kiongozi waliohusika na mgonjwa yule, mpitie jalada pamoja. Mara nyingi mtu amebeba hatia ya jambo ambalo jalada linaonyesha halikuwa mikononi mwake. Na kama kuna kilichokosewa, kukijua kwa jina ni kwepesi kuliko kukihisi gizani.

Hilo likishapata mtu wa kulishughulikia, omba ruhusa ya kukaa chumba cha upasuaji kama mtazamaji, siku kadhaa, upande wa kichwa cha mgonjwa na si upande wa kisu. Usichague siku nyepesi. Omba siku ya watoto na siku ya dharura. Mwangalie muuguzi wa usingizi macho yake yanakwenda wapi na kwa mpangilio gani. Mwombe akueleze, katikati ya upasuaji mtulivu, ni jambo gani baya analolitegemea litokee sasa na atafanya nini likitokea. Ukijikuta unataka kujua jibu kuliko unavyotaka kutoka nje, chukua fomu. Ukijikuta saa ya pili umechoka kutazama na unatamani kurudi kwa wagonjwa wanaozungumza nawe, hilo nalo ni jibu la heshima, na uuguzi una pembe nyingine zinazokuhitaji: chumba cha kuamkia, tiba ya maumivu, mahututi kwenyewe. Niandikie baada ya siku hizo, uniambie uliona nini.